Kikapu Kwenye Msumari wa Marehemu

Mvua ilikuwa imenyesha siku nne mfululizo, na Karani alikuwa amechoka kutembea na maji ndani ya viatu. Alisimama chini ya upenu wa duka, akakung'uta mwavuli, akaisoma orodha yake kabla wino haujachuruzika: turubai la mita tatu, kamba, nepi za watu wazima pakiti mbili, biskuti laini, wanaume wanne wenye mabega.

Hao wa mwisho hawauzwi dukani. Lakini katika kisiwa kile kila kitu kilianzia dukani, hata watu.

Kesho saa mbili asubuhi kaka yake angefika na boti ya kukodi, wamchukue baba yao kwenda hospitali ya mjini. Mzee alikuwa amestaafu akaja kuishi peke yake kisiwani, kwa madai kwamba mjini kuna kelele, na kiharusi kikamkuta huko huko kwenye utulivu wake, akichuja chai. Zahanati ilisema asisafirishwe mpaka apate nguvu. Kaka alikuwa na mke, watoto na biashara. Karani alikuwa na mafaili ya mahakama, na mafaili hayalii. Basi ndiye aliyeomba likizo isiyo na mshahara, akaja na begi moja na viatu vya ofisini.

Wiki ya kwanza ilimtoa jasho. Maduka yalikuwa mawili, yote hayana kibao. Moja lilifunguliwa pale mwenyewe anapoamka vizuri, na hakuwa mtu wa kuamka vizuri. Mkate uliuzwa dirishani kwa kinyozi. Gesi iliuzwa na bwana mwenye jenereta, ila ilibidi umwombe mkewe, siyo yeye. Wa kumsaidia kumgeuza mgonjwa kitandani alikuwa Mshona Magunia, mwanamke mfupi mwenye nguvu za wanaume wawili na maneno ya kumi. Haya yote Karani aliyapata kwa mtu mmoja, mwenye duka la pili, mwanamke mzee aliyeitwa Mama Duka, ambaye macho yake yalikuwa yamebakiza kutofautisha mwanga na giza, basi.

"Mwanangu, hapa hakuna kinachokosekana," alimwambia siku ile ya kwanza, akimshika mkono kama anayepima uzito wake. "Kuna watu ambao hawajaulizwa tu. Wewe uliza."

Duka la Mama Duka lilikuwa na utaratibu wake. Ukuta wa nyuma ya kaunta ulijaa misumari, kila nyumba na msumari wake. Asubuhi unaleta kikapu na karatasi ndani, jioni unakikuta kimejaa, kimetundikwa mahali pake. Mkwe wake aliisoma karatasi kwa sauti, na yeye akaokota vitu kwenye rafu kwa vidole, hachanganyi sabuni hii na ile.

Mkwe mwenyewe walimwita Kimya. Alikuwa mgane wa miaka mitatu, mtu wa makamo mwenye mabega mapana na shingo iliyoinama kidogo, kama anayepita mlango mfupi siku zote. Mkewe, mtoto pekee wa Mama Duka, alikufa kwa homa ya siku tano. Tangu hapo Kimya alihamia chumba cha nyuma ya duka, na maneno yakampungua. Alijibu kwa kichwa, hata kwa mkwewe asiyeona, mpaka Mama Duka akawa anamrushia punje za maharage: "Tikisa kwa sauti!" Wateja walicheka. Na yeye alicheka, taratibu, akiokota maharage.

Kwa Karani maneno yalimrudia, lakini kwa kalamu. Karani aliandika "sabuni, mchele, betri", naye akamwandikia nyuma ya karatasi, "Nimeongeza mishumaa miwili, umeme utakatika Alhamisi." Wiki ya tatu akaandika, "Leo umekuja umelia. Kwa nini?" Wiki ya tano Karani hakuwa tena na haja ya mchele, mchele ulikuwepo, lakini alileta kikapu hata hivyo.

Na Jumapili iliyopita, nyuma ya zahanati, mahali pekee palipokuwa na mtandao wa simu, Kimya alimshika kiwiko akasema kwa mdomo wake: "Nitakuja na nyinyi. Kesho nitamwambia Mama."

Kesho hiyo ilikuwa Jumatatu. Leo ni Jumatano.

Karani akaingia. Kimya alikuwa peke yake nyuma ya kaunta, anafuta mzani ambao haukuwa na vumbi. Alipoinua macho, Karani alihisi lile joto la ujinga likipanda kifuani, kama kila siku, na akajichukia kidogo.

"Umemwambia?"

"Leo."

"Jana ulisema leo."

"Jana alikuwa na kichwa kinamuuma. Mvua hii."

"Na leo kuna jua?"

Kimya akatabasamu nusu, akakikunja kile kitambaa cha kufutia mara mbili, mara nne. "Karani, usinibane. Nitamwambia. Namtafutia wakati mzuri."

"Maneno kama haya hayana wakati mzuri. Mimi nimemwambia kaka yangu kwenye simu, mvua inaninyeshea. Unajua alinijibu nini? 'Umeenda kumuuguza baba au kujitafutia mume?' Nikamwambia mtu huyo ana akili zake na mdomo wake, atakuja na begi lake na atazungumza na wewe mwenyewe. Usije ukaniaibisha."

"Sitakuaibisha."

"Basi mwite."

Hakuhitaji kuitwa. Mlango wa stoo ulilia, Mama Duka akatokea, mkono mmoja ukutani.

"Bati limevuja tena," alisema. "Nasikia maji yanatembea huku juu. Nani huyo? Karani wangu? Nimezijua hatua, viatu vinalia kwech kwech. Si nilikwambia ukanunue vya mpira kwa mke wa bwana jenereta?"

"Nimechelewa, Mama. Kesho naondoka navyo hivi hivi."

"Kesho." Mama Duka akatikisa kichwa. "Nitakumiss, wallahi, japo umbea huna." Huku akisema, kiganja chake kilikuwa kinapapasa ukuta, kinatafuta unyevu. Hakuwa na desturi ya kufika kona ile. Vikapu vya upande wa stoo vilikuwa juu, na ni Kimya aliyevishusha na kuvipandisha. Leo alikuwa amekanyaga kreti la soda ili afikie pale maji yanapopita. Kiganja kikapita msumari mtupu, kikapita kikapu cha kinyozi, kikafika msumari wa mwisho.

Kikasimama.

Karani aliuona uso ule ukibadilika, na baadaye, kwa miaka, ndicho kitu ambacho hakukisahau. Kwa muda wa pumzi moja Mama Duka alikuwa na furaha. Midomo ilifunguka kama anayetaka kuita jina. Kisha vidole vikaendelea, vikagusa mishikio ya plastiki, vikagusa kitambaa ambacho Karani alikuwa amekizungushia ili kisimkate mkono, na ile furaha ikaondoka.

"Kimya. Kikapu hiki cha nani?"

Kimya alitikisa kichwa tu, si ndiyo wala hapana.

"Tikisa kwa sauti," Mama Duka alisema, na safari hii hakukuwa na wa kucheka.

"Ni changu, Mama," alisema Karani.

"Chako. Na nani amekupa msumari huu?"

"Yeye. Nilipofika. Aliniambia uko wazi."

"Uko wazi." Mama Duka akashuka kwenye kreti polepole, Karani akamshika mkono, na mzee akauacha mkono ushikwe. "Huu ni wa mwanangu. Walipooana na huyu walikuwa na nyumba yao kule juu, na nyumba ikapewa msumari kama nyumba nyingine. Nilipomzika nilisema hapo pakae hivyo hivyo. Kisiwa kizima kinajua. Kutundika kikapu hapo ni kusema mimi ndiye mke wa nyumba hii."

Karani alihisi maji ya viatuni yamekuwa barafu. Sasa alielewa kwa nini wanawake kisimani walimwita shemeji. Alidhani ni adabu ya wenyeji. Alielewa kwa nini Mshona Magunia, mwenye maneno ya kumi, hakuwahi kumuuliza kama ameolewa. Miezi miwili na nusu alikuwa amejitangaza bila kujua, na kila mtu alikuwa amemsoma isipokuwa watu wawili: mwenye kikapu na mwenye duka.

"Sikujua, Mama. Haki ya Mungu sikujua."

"Najua hukujua. Ungejua ungeniambia. Wewe mdomo unao." Mama Duka akamgeuzia uso Kimya, akakosea kidogo, akawa anaitazama rafu ya chumvi. "Watu wameingia hapa kila siku. Wananunua sukari, wanauangalia huo ukuta, halafu wananiangalia mimi. Nami nawachekea, nawauliza habari za watoto. Umenifanya nini, baba?"

"Mama, nilikuwa nakutafutia wakati..."

"Ungeniomba ningekupa! Hilo ndilo linaloniuma. Ungesema, Mama, nimepata mtu, ningelia siku mbili, ya tatu ningemfundisha kupanga rafu. Mimi nimezika mtoto, sijazika mkwe. Wewe umekuja ukamtundika mtu mahali ambapo mkono wangu haufiki."

Kimya alikuwa amekamata ukingo wa kaunta kwa mikono miwili. "Nilimwahidi marehemu," alisema. "Nilimwahidi nitakutunza."

"Alikwambia unitunze. Hakukwambia unifiche."

Nje mvua iliongezeka juu ya bati, na maji yaliyovuja yakaanza kudondoka kwenye gunia la mchele. Hakuna aliyelisogeza.

"Haya, nakuuliza mbele yake," alisema Mama Duka. "Unataka kuondoka naye kesho?"

Karani akamtazama Kimya. Alikuwa amejiandaa kwa kaka yake, kwa mahakama, kwa uvumi, kwa kila kitu isipokuwa kusimama pale akisubiri neno moja kama mshtakiwa.

"Na wewe utabaki na nani?" alisema Kimya.

"Sikukuuliza hilo."

"Macho yako, Mama. Nani atakusomea karatasi?"

"Sikukuuliza hilo pia! Macho ni yangu. Yasifanye kazi ya mdomo wako."

Kimya akafungua kinywa. Karani aliona maneno yakija, aliyaona kabisa, kooni pale. Kisha yakarudi chini.

Mama Duka alisubiri, akachoka. Akapapasa tena kreti, akapanda, akakishusha kikapu mwenyewe, akampa Karani kwa mikono miwili.

"Chukua, mwanangu. Sikufukuzi. Lakini hapo hapana." Akajifuta uso kwa kiganja. "Baba yako anaondoka na machela?"

"Ya zahanati. Natafuta wanaume wanne."

"Kinyozi ana mabega, ingawa mvivu. Bwana jenereta na mdogo wake. Watatu hao nitawaita mimi. Wa nne..." Akageuza uso upande wa Kimya. "Wa nne atapatikana. Mfungie vitu vyake, Kimya. Turubai lile la bluu, siyo lile la bei rahisi, lina matundu."

Alikuwa analia, na bado anachagua turubai.

Chini ya upenu, Kimya alitoka akiwa amebeba fungu la kamba. Walisimama karibu hata Karani alisikia harufu ya sabuni ya mche kwenye shati lake, ile harufu aliyokuwa ameilalia na kuiamkia wiki nyingi.

"Umenikasirikia," alisema Kimya.

"Nimekuogopa."

"Mimi? Mimi sijawahi hata kuinua sauti."

"Ndiyo hivyo. Yule mama haoni, ukalitumia hilo. Kesho mimi nitakuwa sioni kitu gani, unitundike hapo?"

"Nilikupa ule msumari kwa sababu nilikupenda siku ile ile. Uliingia umelowa, unauliza wapi kuna nepi za mzee, huna haya, huna maringo. Nilitaka uwe hapo. Sikuweza kusema, nikafanya."

Moyo wa Karani ukamgeukia kwa nguvu. Alitaka kuweka paji lake la uso kwenye kifua kile na kusema basi, yamekwisha, twende. Angekuwa na miaka ishirini angefanya hivyo. Alikuwa na thelathini na nne na baba asiyeweza kujigeuza.

"Sikiliza," alisema. "Sikwambii umwache yule mama. Ukisema unabaki, nitalia, nitakuheshimu. Ukisema unakuja, tutatafuta namna ya kumtunza, hata tumhamishie mjini. Lakini sema. Boti saa mbili. Kaka yangu hataki mtu wa kisiwani, ameshasema. Mimi sitakutetea. Utamwambia wewe mwenyewe ni nani na unataka nini. Maneno matatu yanatosha."

"Nitasema."

"Kwa mdomo."

"Kwa mdomo, Karani."

Akamgusa shavu kwa kidole kimoja chenye unga wa mchele. Karani akaenda zake mvuani bila kufungua mwavuli, na nusu ya njia alikuwa anaamini.

Asubuhi mvua ilipungua ikawa manyunyu. Mshona Magunia alimwosha Mzee, akamvalisha, akamtania kwamba anaenda mjini kutafuta mke, na upande mmoja wa uso wa Mzee ukatabasamu. Wakasikia hodi. Kinyozi. Bwana jenereta. Mdogo wake. Na wa nne, Kimya, na mgongoni kwake begi.

Begi la kijani, limejaa hadi zipu imegoma.

Mshona Magunia alimfinya Karani kiunoni bila kusema neno, ikawa ajabu ya pili asubuhi ile. Wakamnyanyua Mzee. Kimya alishika upande wa kichwa, na njia nzima ya kushukia gatini alitembea akiangalia uso wa Mzee, akimkinga manyunyu kwa ukingo wa turubai, akiwaambia wenzake kwa sauti ya chini, "Taratibu hapo, kuna jiwe." Karani aliyefuata nyuma na mafaili ya zahanati alihesabu maneno yale kama dawa. Anasema. Anaweza kusema.

Kaka alikuwa amesimama kwenye boti, koti la mvua jipya, simu mkononi. Alimkumbatia Karani haraka, akamwinamia baba yake, akamwita mara mbili, machozi yakamlengalenga, akageuka kuficha.

"Mpandisheni, mpandisheni. Polepole, jamani."

Walimpandisha. Kimya ndiye aliyeingia majini mpaka mapajani ili machela isiyumbe, begi likiwa bado mgongoni. Mzee akalazwa, mito ikapangwa, kamba zikafungwa. Wale watatu wakasogea pembeni wakipuliza mikono. Kimya akabaki amesimama majini, ameshika ukingo wa boti.

Kaka akamtazama. "Ahsante sana, ndugu. Na hilo begi ni la Mzee?"

Karani aliacha kufunga kamba.

Ilikuwa rahisi kuliko alivyomwombea. Mlango ulikuwa umefunguliwa, hata kubisha hakukuhitajika. Hapana, ni langu. Maneno matatu.

Kimya akamtazama Kaka. Akamtazama Karani, na macho yake yalisema kila kitu ambacho mwanamke angependa kuambiwa duniani. Kisha akageuza shingo kuelekea juu, kule ambako duka halikuonekana kwa ukungu.

Akatikisa kichwa.

"Siyo la Mzee? Haya, basi." Kaka akaingiza mkono mfukoni, akatoa noti, akawagawia wale watatu waliokuwa kwenye gati, kisha akainama akampa na wa nne. "Samahani, umelowa kwa ajili yetu."

Karani alikuwa na jibu tayari ulimini. Huyu si mbebaji, kaka. Huyu ndiye. Alilihisi lilivyo zito, na akajua kwamba akilitoa leo atalitoa kila siku ya maisha yake, mbele ya kila mtu, kwa niaba ya mtu mzima. Akalimeza.

Kimya aliitazama noti. Kuikataa kungetaka maelezo.

Akaipokea kwa mikono miwili, akaachia ukingo wa boti.

"Tumemaliza?" aliuliza nahodha.

"Tumemaliza," alisema Kaka. "Dada, mtu wako yuko wapi? Si ulisema ana mdomo?"

"Hakuja."

Kaka alitaka kusema neno, akauona uso wake, akalikunja. Injini ikawaka. Maji yakafunguka kati ya boti na yule mtu mwenye begi, hatua moja, hatua tano, mpaka manyunyu yakawa kama pazia. Karani hakupunga mkono. Mzee akasogeza ule mkono wake mzima juu ya blanketi, unatafuta, ukampata bintiye kwenye kifundo cha mkono.

"Baridi," alisema, neno zima, la kwanza kueleweka wiki ile.

Karani akavua koti lake, akamfunika.